Rangi Ije Mwisho

Anayeanza kujifunza programu ya duka la mtandaoni aghalabu huanzia kwenye rangi. Hukesha akichagua themu, akipanga picha kubwa za ukurasa wa mbele, akiwauliza marafiki kama kitufe cha kununua kiwe cha kijani au cha machungwa. Ikija zamu ya malipo na usafirishaji, hamu imekwisha na siku ya uzinduzi imeshatangazwa. Basi mteja wa kwanza kutoka Tandika anajaza kikapu chake, anafika mwisho, anadaiwa msimbo wa posta asioujua, kisha anaambiwa anaweza kulipa kwa hundi.

Habari ya hundi sikuitia chumvi. WooCommerce, programu inayoendesha maduka mengi sana yaliyojengwa juu ya WordPress, ina njia tatu za malipo zilizomo ndani yake tangu mwanzo: kuhamisha fedha benki, hundi, na kulipa mzigo ukifika. M-Pesa, Airtel Money na wenzao huja baadaye, kwa plagini ya kuongeza au msimbo wa kuandika. Mipangilio yake ya asili ni ya dola ya Marekani, na hata ukiweka shilingi, bei itabaki na senti mbili nyuma ya nukta: 45,000.00. Hakuna aliyekusudia kumkera Mtanzania. Walioandika programu hizi walikuwa na duka fulani mbele ya macho yao, na duka hilo lilikuwa mbali na Kariakoo. Kwa hiyo anayejifunza ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kuyatambua mazoea ya lile duka lililofichika ndani ya programu, na kuyajua mazoea ya duka lake mwenyewe kiasi cha kuweza kuyaandika. Ya pili ndiyo ngumu. Wengi wanaosema wameshindwa na kompyuta, kwa kweli wameshindwa na hiyo.

Historia ya programu zenyewe inaeleza mengi. Mwaka 2000 Harald Ponce de Leon, huko Ujerumani, alianzisha mradi uliokuja kuitwa osCommerce. Mwaka 2004 Tobias Lütke, Mjerumani aliyehamia Canada, alitaka kuuza mbao za kutelezea kwenye theluji kupitia duka aliloliita Snowdevil. Programu alizozikuta hazikumridhisha, akaandika yake, na mwaka 2006 yeye na wenzake wakaifungua kwa wauzaji wengine kwa jina la Shopify. PrestaShop ilizaliwa Ufaransa mwaka 2007. Magento ilitoka Marekani mwaka 2008. WooCommerce ina damu ya Afrika: kampuni ya WooThemes, yenye makao Cape Town, iliitoa Septemba 2011 kwa kuuchukua msimbo wa programu huria iliyoitwa Jigoshop na kuuendeleza, na mwaka 2015 ikanunuliwa na Automattic. Lakini Afrika Kusini ni nchi ya kadi za benki. M-Pesa ilipelekwa huko mwaka 2010 ikakosa wateja, ikafungwa mwaka 2016. Uafrika wa programu haujamsogeza karibu mwenye duka wa Mwanza.

Kabla ya kuchagua programu, kuna swali ambalo wauzaji wa programu hawapendi liulizwe: je, unaihitaji? Biashara nyingi za mtandaoni Afrika Mashariki hazina tovuti hata moja. Zinaishi Instagram na WhatsApp. Picha inawekwa, chini yake inaandikwa “bei njoo inboksi”, mteja anakuja, wanapatana, anatuma pesa kwa lipa namba, bodaboda anaondoka na mzigo. Wataalamu wa biashara ya mtandao huuona utaratibu huu kuwa wa kizamani. Mimi siuoni hivyo. Una mambo mawili ambayo programu haiwezi kuyatoa: mapatano ya bei, na sauti ya mtu anayejibu “upo, nikutumie?” kabla mteja hajatoa shilingi yake. Ukumbuke kwamba Jumia, pamoja na mtaji wake na hisa zake kwenye soko la New York, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na wauzaji wa Instagram waliendelea kama kawaida.

Udhaifu wa utaratibu huo huonekana pale oda zinapozidi uwezo wa kidole kimoja kujibu. Mtu mmoja anauliza saizi, mwingine anauliza rangi, wa tatu ameshalipa na hajui mzigo uko wapi, na gauni la mwisho limeuzwa kwa watu wawili. Hapo programu inaanza kustahili taabu yake, kwa kuwa inamlazimisha mwenye duka kujibu mapema, mara moja, yale aliyokuwa akiyajibu upya kwa kila mteja. Bei ni ngapi kwa kila mtu? Gauni lenye rangi nne na saizi tano ni bidhaa moja au ishirini? Nani anabeba nauli ya mzigo ukirudishwa? Swali la gauni ni zuri sana kujifunzia. WooCommerce inajibu kwamba ni bidhaa moja yenye namna ishirini, kila namna na hesabu yake ya stoo. Mwenye duka ambaye hajawahi kuhesabu stoo kwa saizi atakwama kwenye ukurasa huo, na hakuna video ya YouTube itakayomkwamua. Inabidi ainuke akahesabu magauni.

Akishaamua kwamba anaihitaji, uchaguzi mkubwa ni kama kupanga nyumba au kujenga kwenye kiwanja chako. Shopify ni nyumba ya kupanga: seva, usalama na masasisho ni shauri lao, wewe unalipa kila mwezi, na ukitaka kuvunja ukuta unaomba ruhusa. WooCommerce, PrestaShop na OpenCart ni kiwanja: programu yenyewe ni bure, lakini seva unalipia, nakala za akiba unahifadhi wewe, na paa likivuja saa nane usiku hakuna wa kumpigia. Magento, ambayo sasa ni mali ya Adobe iliyoinunua mwaka 2018 kwa dola bilioni 1.68, ni ya kampuni zenye mafundi wa kudumu. Mtu mmoja mwenye laptopu moja aiache. Kwa muuzaji anayetaka mshahara wake uanze mwezi ujao, kupanga kuna akili. Kwa anayetaka kujifunza kazi yenyewe, au anayeona mbele kwamba atahitaji malipo na usafirishaji visivyofanana na vya Ulaya, WooCommerce ni shule nzuri zaidi, na mifano iliyobaki humu nitaitoa huko.

Uvumilivu unaohitajika si wa kukaa na kusubiri. Ni wa kujua uko kwenye tabaka gani. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, imeandikwa kwa lugha ya PHP na huhifadhi taarifa zake kwenye hifadhidata ya MySQL. WooCommerce imekaa juu yake. Juu kuna themu inayoamua sura, na pembeni plagini zinazoongeza kazi. Tatizo moja linaweza kutatuliwa kwenye tabaka lolote kati ya haya, na mwanafunzi asiye na subira hulitatua kwenye tabaka baya. Zile senti mbili za bei, kwa mfano, huondolewa kwenye mipangilio: idadi ya tarakimu baada ya nukta iwe 0, basi. Lakini utamkuta mtu ameweka plagini nzima kwa kazi hiyo, au ameingia ndani ya mafaili ya WooCommerce yenyewe na kufuta mstari. Huyu wa mwisho ataona duka lake limepona, atafurahi, na sasisho la kwanza likija litaandika mafaili upya na senti zitarudi zilivyokuwa.

Marekebisho yako yawe na mahali pake. Kwa sura, kuna themu mtoto, inayorithi kila kitu kutoka themu kubwa na kubeba tofauti zako tu, ili kubwa isasishwe bila kuzifuta. Kwa tabia, WordPress ina sehemu maalumu ndani ya msimbo wake ambapo inasimama na kuuliza kama kuna mwenye la kuongeza au kubadilisha. Msimbo wako mfupi unajisajili hapo. Ukizielewa sehemu hizo, hata kama hujui PHP zaidi ya mistari michache, umeshaingia kwenye ufundi.

Chukua ule msimbo wa posta. Maelekezo ya miaka mingi yanasema: tumia sehemu iitwayo woocommerce_checkout_fields, ondoa kisanduku, hifadhi. Mistari minne hivi. Ni maelekezo sahihi, na kwenye duka jipya hayafanyi kitu. Hayaleti kosa wala onyo. Kisanduku kinabaki palepale kikikutazama. Sababu ni kwamba tangu toleo la 8.3, lililotoka Novemba 2023, maduka mapya hupewa ukurasa wa malipo wa aina nyingine, uliojengwa kwa bloku, na huo hausikilizi sehemu ile ya zamani. Mwanafunzi atanakili msimbo uleule kutoka mahali pengine, na pengine, akidhani amekosea nukta. Dawa ni ama kurudi kwenye ukurasa wa kale kwa kuweka shotikodi yake, ama kutumia sehemu nyingine ambayo ukurasa wa bloku huisikiliza. Kinachonivutia katika mfano huu ni kwamba bidii haisaidii. Kinachosaidia ni kuangalia tarehe ya maelekezo na toleo la programu kabla ya kugusa kitu, tabia ambayo hakuna anayeifundisha kwa kuwa haipendezi kwenye video.

Malipo yanastahili muda kuliko jambo lingine lote, na hapa Kenya imetangulia. M-Pesa ilianza huko Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata, lakini kwa miaka mingi mwenye tovuti alibaki kuandika namba ya till ukurasani na kungoja mteja atume ujumbe wa uthibitisho. Safaricom, kampuni inayoiendesha M-Pesa ya Kenya, ilipofungua Daraja, lango lake la watengenezaji wa programu, mwaka 2017, mtengenezaji yeyote aliweza kujisajili, kupata funguo za majaribio na kuiunganisha programu yake na M-Pesa. Mteja anabofya, dirisha la namba ya siri linaruka kwenye simu yake, analipa. Hiyo ndiyo STK Push, na kwa mnunuzi ni sekunde chache tu.

Nyuma ya pazia ni mazungumzo ya pande mbili yasiyofanyika kwa pumzi moja, na wanaoanza hujikwaa hapo. Duka likituma ombi, Daraja hujibu papo hapo kwa ResponseCode 0. Anayeanza huona sifuri, husoma “imefanikiwa”, huandika msimbo wa kuiweka oda kwenye hali ya kushughulikiwa. Mzigo unatoka. Lakini sifuri ile ilisema tu kwamba ombi limepokelewa. Mteja pengine hata hajatoa simu mfukoni. Jibu lenyewe huja baadaye, kwa njia nyingine, likitumwa kwenye anwani ya tovuti yako uliyoitaja ndani ya ombi, nalo lina ResultCode yake: 0 ni pesa imeingia, 1 ni salio halitoshi, 1032 ni mteja ameghairi. Sifuri mbili, maana mbili, na tofauti yake ni mali ya duka.

Jibu hilo la pili lina masharti. Anwani ya kulipokea lazima ionekane kwenye intaneti, kwa hiyo duka la majaribio lililo ndani ya laptopu yako halitalipata kamwe mpaka ulitobolee njia kwa chombo kama ngrok. Namba ya mteja lazima ianze na 254, ilhali mteja ataandika 07, au 01, au +254 na nafasi katikati, na ni kazi ya msimbo wako kuzisafisha zote. Jibu linaweza kuchelewa au lisije, kwa hiyo lazima duka liwe na namna ya kuuliza lenyewe hali ya muamala. Na kwa kuwa anwani ile iko wazi, mhuni akiijua anaweza kuitumia jibu la uongo linalosema amelipa. Duka makini haliamini jibu hilo peke yake. Linarudi Daraja kuhakikisha. Kwa upande wake WooCommerce, stoo ikiwa inahesabiwa, huzuia bidhaa ya oda isiyolipwa kwa dakika 60, kisha huifuta oda hiyo. Dakika hizo zinabadilishwa kwenye mipangilio, na kwa malipo ya simu ni nyingi mno: mteja aliyeghairi anashikilia gauni la mwisho saa nzima.

Si lazima mwenye duka aandike haya kwa mkono wake. Pesapal ya Nairobi, Selcom ya Dar es Salaam na kampuni nyingine za aina hiyo hukusanya mitandao kadhaa pamoja na kadi na kukata ada yao, na zipo plagini zilizokwisha tengenezwa. Tanzania, ambako mteja mmoja yuko M-Pesa, wa pili Airtel Money na wa tatu HaloPesa, njia hiyo huwa nyepesi kuliko kujiunga na kila mtandao kivyake. Hata hivyo anayeweka plagini bila kujua tofauti ya ombi kupokelewa na pesa kuingia hatajua afanye nini mteja atakapopiga simu na kusema “mimi nimelipa, mbona oda yangu inasema bado?”

Kodi naipita haraka. Kenya kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16, na swali la msingi ni kama bei unazoziandika tayari zina kodi ndani yake. Ukichagua ndiyo, bidhaa ya shilingi 1,160 itagawanywa kuwa 1,000 na 160. Ukichagua siyo, mteja ataongezewa mwishoni na atakimbia. Chagua kabla ya kuingiza bei, kwani kubadilisha baadaye hakuzirekebishi zilizokwisha andikwa.

Usafirishaji, kinyume chake, hauna majibu mafupi. WooCommerce hugawa dunia kwa kanda, na kila kanda ina bei zake. Inachosahau kumwambia mtu kwa sauti ni kwamba orodha husomwa kutoka juu, na kanda ya kwanza inayomfaa mteja ndiyo inayochukuliwa. Ukiweka “Tanzania” juu na “Dar es Salaam” chini, mkazi wa Magomeni atatozwa nauli ya mikoani, na utaitafuta plagini yenye kasoro siku nzima bila kuipata. Ndani ya jiji lenyewe tatizo ni jingine. Kutoka Kariakoo kwenda Ilala na kwenda Bunju ni nauli mbili tofauti kabisa, ila kwa programu yote ni Dar es Salaam. Programu ilitegemea msimbo wa posta utofautishe mitaa. Tanzania misimbo hiyo ipo, lakini mteja anajua kwamba anakaa nyuma ya sheli, karibu na msikiti, geti jeusi. Suluhisho lililo safi kuliko yote niliyoyaona ni la unyenyekevu: majina ya maeneo yaliyofungashwa kwa makundi matatu au manne ya bei, mteja achague lake, na kisanduku cha anwani kigeuzwe kuwa cha maelezo ya kufika, kikifuatiwa na namba ya simu ya lazima. Mikoani, mzigo mwingi husafiri kwa basi na mteja huufuata ofisi ya basi. Programu haina jambo hilo kwa jina, lakini ile njia yake ya mteja kuchukua mwenyewe inaweza kupewa jina hilo na bei hiyo, na inafanya kazi barabara. Ubunifu wa kweli katika kazi hii mara nyingi ni wa namna hiyo.

Majaribio yote haya yafanyike pasipo na mteja. XAMPP au programu ya Local hugeuza laptopu ya kawaida kuwa seva, na kwa anayenunua bando la siku, kujenga bila intaneti ni akiba halisi. Badilisha kitu kimoja, kijaribu kwa oda kamili kuanzia kikapu hadi risiti, andika ulichobadilisha, ndipo uende kingine. Ukurasa ukigeuka mweupe, usifute vitu kwa hofu: tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress hukamata kosa kubwa na kumtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha kuingilia na kuzima plagini iliyoleta balaa. Kumbukumbu ya makosa inataja faili na mstari. Wengi hawajawahi kuifungua, wanaanza kwa kuweka kila kitu upya.

Upo pia uvumilivu wa kujizuia. Kila rekebisho ni kitu utakachokitunza. Waliolijenga duka kwa Magento ya kwanza na kulirembesha kwa miaka waliambiwa kwamba huduma yake ingekoma Juni 2020, na kwenye Magento 2 themu zao na plagini zao hazikuweza kuhamia. Zilibidi ziandikwe upya. Waliorekebisha kidogo waliumia kidogo. Tena kila plagini huongeza uzito wa ukurasa, na mteja wako huulipia uzito huo kwa megabaiti zake. Picha ya bidhaa iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu inaweza kuwa nzito kuliko ukurasa wote uliobaki. Kuipunguza kabla ya kuipandisha kuna faida kuliko plagini yoyote ya kuongeza kasi.

Je, si heri kumlipa fundi? Mara nyingi ni heri, hasa kwa malipo. Ila fundi hawezi kujibu maswali ya duka, na asipopewa majibu atayajaza kwa yale aliyoyakuta: dola, hundi, msimbo wa posta. Mwenye duka anayekwenda kwake na karatasi inayosema maeneo ni haya, nauli ni hizi, oda isiyolipwa ifutwe baada ya dakika kumi, anapata duka lake. Wengine wanapata duka la mteja aliyepita, limebadilishwa nembo. Naye ajifunze walau mambo matatu kwa mikono yake: kurejesha nakala ya akiba, kuona muamala mmoja ulikwama wapi, na kuzima plagini. Kikoa na seva viandikishwe kwa jina lake na barua pepe yake. Kikoa hulipiwa kwa mwaka, na taarifa ya kuisha muda huenda kwa aliyekiandikisha. Kama ni fundi aliyekwisha kuhama mji na kubadili namba, hakuna atakayeisoma.